Mbaazi Ukikosa Maua: Somo Juu ya Asili ya Mbegu na Wingi wa Mavuno

Katika Mji wa Kale wa Mombasa asubuhi nyingi huanza kwa mbaazi za nazi na mahamri. Kabla mbaazi hazijatiwa chunguni, humwagwa katika uteo zikachambuliwa, mawe na takataka zikatupwa. Mwenye kuchambua kwa makini ataona jambo ambalo wengi hulipita bila kulifikiri, nalo ni kwamba punje zile hazifanani. Nyingine ni nyeupe, nyingine za rangi ya maziwa, nyingine zina madoa mekundu. Ziko kubwa zilizojaa na ziko ndogo. Mpishi hupenda zilizo kubwa na nyeupe na ziivazo upesi, na hizo nyingine huziona kuwa kasoro ya mwuzaji.

Shabaha ya somo hili ni kuonyesha kwamba tofauti zile si kasoro. Ndizo mtaji wa mkulima na wa mtaalamu wa mbegu pia, kwa maana pasipo na tofauti hapana la kuchagua, na pasipo kuchagua mavuno hayaongezeki.

Kisiwa cha Mombasa hakina mashamba makubwa. Mbaazi, kunde na pojo ziuzwazo Marikiti, na zile za soko la Kongowea ng'ambo ya pili ya maji, hutoka bara. Basi mpishi wa Kibokoni na mkulima wa Kwale, Kilifi au Ukambani wamefungwa kamba moja, maana mavuno yakipungua shambani, bei hupanda sokoni, na chungu huwa chepesi. Katika mashamba mengi madogo ya Afrika Mashariki mavuno ya mbaazi hayafiki tani moja kwa hektari, hali shamba lililotunzwa vizuri na kupandwa mbegu inayofaa laweza kutoa tani mbili au zaidi. Upungufu huo una sababu nyingi: mvua, udongo, wadudu, magugu. Sababu mojawapo ni mbegu yenyewe, na hiyo ndiyo itakayoelezwa hapa.

Tofauti za namna mbili

Mwaka wa 1903 mtaalamu mmoja wa nchi ya Denmark, Wilhelm Johannsen, alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa maharagwe ya aina iitwayo Princess. Maharagwe yale yalinunuliwa yakiwa yamechanganyika, mazito kwa mepesi. Johannsen aliyapima punje moja moja, akayapanda, na uzao wa kila punje akauweka mbali na uzao wa nyingine. Kwa kuwa ua la haragwe hujizalisha lenyewe, kila uzao ulikuwa ukoo mmoja safi, usiochanganyika na mwingine. Akapata koo kumi na tisa. Katika ukoo mzito kupita zote, wastani wa punje moja ulikuwa miligramu 642. Katika ukoo mwepesi kupita zote, miligramu 351.

Kisha akafanya jambo la pili. Ndani ya ukoo mmoja alichagua punje nzito akazipanda mahali pake, na punje nyepesi akazipanda mahali pake. Akaendelea hivyo kizazi baada ya kizazi, hata cha sita. Yeyote angedhani kwamba mwishowe watoto wa punje nzito watakuwa wazito na watoto wa punje nyepesi watakuwa wepesi. Haikuwa hivyo. Wote walirudi kwenye wastani ule ule wa ukoo wao.

Maana yake ni hii. Kuna tofauti itokayo katika asili ya mbegu, na kuna tofauti itokayo katika mahali mbegu ilipoota. Punje moja ilipata samadi na maji, nyingine ikapata kivuli na mchanga mkavu. Hiyo ni bahati ya mahali, wala hairithiwi. Mfano wake ni nguo mbili zilizokatwa katika jora moja. Moja yavaliwa na mvuvi kila siku juani, nyingine yawekwa sandukuni. Baada ya mwaka rangi zao hazifanani tena, lakini uzi ni ule ule. Mwenye kutaka uzi bora hana budi kutafuta jora jingine.

Ni Johannsen huyo huyo aliyeleta neno «jeni» mwaka wa 1909, kuwa jina la kile kitu katika mbegu kinachorithiwa na watoto kutoka kwa wazazi. Majaribio yake yamewafundisha wataalamu wa mbegu wa dunia nzima mambo mawili. Kwanza, kuchagua hufaa pale tu penye koo mbalimbali. Pili, mchaguzi asidanganywe na bahati ya mahali.

Mavuno hupimwa kwa mambo matatu

Mtu husema, «Mbaazi huu wazaa sana.» Mtaalamu huuliza, wazaa sana kwa njia gani? Mavuno ya mmea wa jamii ya kunde hutokana na mambo matatu: hesabu ya maganda katika mmea, hesabu ya punje katika ganda, na uzito wa punje.

Natutazame hesabu ndogo ya mfano. Mbaazi mmoja una maganda 120, kila ganda lina punje 5, na punje 100 zina uzito wa gramu 15. Jumla ni punje 600, nazo ni gramu 90. Mwingine una maganda 160, na mengine yote ni sawa na ya kwanza. Huo una punje 800, yaani gramu 120. Ongezeko la maganda 40 limeleta theluthi moja zaidi ya mavuno.

Lakini mambo haya matatu hayaendi kila mara pamoja. Mara nyingi mmea ukiongezewa wingi wa maganda, punje hupungua ukubwa. Ukiongezewa ukubwa wa punje, maganda hupungua, kwa kuwa chakula cha mmea ni kimoja nacho hugawanywa. Mbaazi nyingi za Afrika Mashariki zimejaliwa punje kubwa na nyeupe, hali nyingi za Bara Hindi, ambako ndiko asili ya mmea huu, ni ndogo na za rangi ya kahawia. Mtaalamu anayetafuta mbegu ya kumfaa mkulima wa Pwani hawezi kutazama mizani peke yake. Akileta mbegu yenye maganda mengi lakini punje zake ni ndogo na nyeusi, au ni nzito kuiva, mpishi wa Mji wa Kale hatainunua, na mkulima atabaki na magunia yake.

Je, mbaazi husingizia jua?

Wahenga walisema, «Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.» Methali hii hukemea mtu mwenye visingizio. Ni kweli kwa watu. Kwa mbaazi wenyewe, wataalamu wameona kwamba huenda ulionewa.

Nchini Kenya watafiti walipanda mbaazi za aina nyingi katika vituo vinne, kila kimoja kikiwa juu zaidi kutoka usawa wa bahari. Cha kwanza kilikuwa Mtwapa, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, karibu na bahari, penye joto. Cha pili Kiboko, cha tatu Katumani karibu na Machakos, na cha nne Kabete karibu na Nairobi, penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800 na penye baridi. Mahali pengine waliwasha taa ili kuurefusha mchana, wajue mimea itafanya nini. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2006 na wa 2007.

Ikaonekana kwamba kila aina ina joto linalouharakisha mmea kutoa maua. Aina ziivazo upesi sana hupenda joto la karibu nyuzi 25 za sentigredi. Aina zichukuazo muda mrefu, ambazo zimezoea nyanda za juu, hupenda joto la karibu nyuzi 18 tu. Mombasa wastani wa joto la mwaka ni karibu nyuzi 26. Basi mtu akichukua mbegu nzuri ya nyanda za juu akaipanda Pwani, mmea hurefuka, hujaa majani, na maua huchelewa. Kadhalika aina ya upesi ikipelekwa kwenye baridi ya Kabete nayo hukawia.

Urefu wa mchana pia una nguvu, kwani katika aina nyingi mchana ukirefushwa maua huchelewa. Lakini Mombasa iko karibu na ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki nusu saa. Kwa hiyo jambo kuu kwa mkulima wa Pwani ni joto. Mbaazi uliokosa maua yawezekana hausingizii jua hata kidogo. Umepandwa mahali pasipo pake.

Hapa msomaji aone faida ya kuwa na koo nyingi. Kama dunia ingalikuwa na aina moja tu ya mbaazi, ama watu wa Pwani wangalikosa mavuno, ama wale wa nyanda za juu.

Adui aliyemo ardhini

Kuna ugonjwa uitwao mnyauko, uletwao na kuvu anayeishi udongoni. Huingia kwa mizizi, hupanda ndani ya shina, na kuziba njia za maji. Mmea hunyauka kana kwamba una kiu, hata kama udongo una unyevu. Utafiti uliotangazwa mwaka wa 1984 ulionyesha kwamba katika mashamba yaliyokaguliwa, karibu mibaazi 16 katika kila 100 ilikuwa na ugonjwa huo Kenya, karibu 20 Tanzania, na karibu 36 Malawi. Kuvu huyo hukaa udongoni miaka kadhaa. Kumtafutia dawa ya kunyunyiza ni gharama isiyolingana na kipato cha mkulima mdogo.

Dawa ilitafutwa ndani ya mbegu. Wataalamu hutenga kipande cha ardhi chenye ugonjwa kwa makusudi, wakapanda humo koo nyingi za mbaazi. Zile dhaifu hufa, na zile zenye kinga husimama. Kwa njia hiyo Malawi ilipata aina iitwayo ICP 9145, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1987. Baadaye tawi la Afrika Mashariki la kituo cha utafiti cha kimataifa ICRISAT lilitoa aina ya ICEAP 00040, yenye kinga pamoja na punje kubwa nyeupe. Malawi waliiita Kachangu, Tanzania wakaiita Mali. Hata hivyo, nayo ni aina ya muda mrefu, ipendayo ubaridi. Mkulima wa Pwani asiikimbilie kwa kusikia sifa zake tu. Mbegu iliyo bora huwa bora mahali fulani, na mkulima hana budi kuuliza kwanza imetengenezwa kwa ajili ya nchi gani.

Jinsi mbegu mpya inavyopatikana

Kuchagua katika mbegu zilizopo ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kuunganisha sifa zilizo katika koo mbili. Tuseme kunde moja yazaa sana lakini hushambuliwa na wadudu, na nyingine yazaa kidogo lakini ina nguvu.

Ua la kunde hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, nalo hujizalisha lenyewe. Kwa hiyo mtaalamu hulifungua tumba jioni, kabla halijakomaa, akatoa kwa koleo ndogo sehemu za kiume zenye unga. Asubuhi huleta unga wa ua la kunde nyingine akaupaka. Ganda likijaa, punje zake huwa watoto wa wazazi wawili.

Kizazi cha kwanza kwa kawaida hufanana chote. Mkulima akiona hivyo hudhani kazi imekwisha. Lakini kizazi cha pili hutawanyika, huyu akimfuata baba, yule akimfuata mama, na wengine wakichanganya. Mtawa Gregor Mendel aliichunguza sheria hii kwa njegere katika mji wa Brno kati ya 1856 na 1863. Ni katika kizazi hicho cha pili na vinavyofuata ambamo mtaalamu hutafuta mmea wenye mavuno ya mmoja na nguvu ya mwingine. Huupanda tena na tena kwa vizazi sita au zaidi mpaka ukoo utulie, halafu huujaribu katika vituo mbalimbali. Kazi hiyo huweza kuchukua miaka kumi. Hivyo ndivyo zipatikanavyo mbegu nyingi za jamii ya kunde, na Kenya kazi ya namna hii imefanywa hasa katika kituo cha Katumani. Majina ya kunde Machakos 66 na Katumani 80, na ya pojo N26 ambayo wengi huiita «nailoni» kwa kung'aa kwa punje zake, yanajulikana na wakulima wengi wa nchi kavu. Katumani 80 hupandwa kwa punje na kwa mboga ya majani pia.

Pengine sifa itafutwayo hupatikana kwenye mmea usiothaminiwa na mtu. Nchini India wataalamu waliuzalisha mbaazi wa shambani pamoja na mbaazi mwitu. Katika uzao wakapata mimea ambayo maua yake hayatoi unga wenye nguvu ya kuzalisha. Kwa mimea hiyo iliwezekana kutengeneza mbegu chotara kwa wingi, nyuki wakifanya kazi ya kuchanganya. Chotara iitwayo ICPH 2671 ilitolewa kwa wakulima wa Madhya Pradesh mwaka wa 2010, na katika majaribio ya mashambani ilizidi mbegu ya kawaida kwa zaidi ya robo. Mlango huo ulifunguliwa na mmea wa mwituni. Lakini mkulima ajue kwamba mbegu chotara hununuliwa upya kila msimu, kwa kuwa kizazi cha pili hutawanyika kama ilivyoelezwa.

Hatari ya kutegemea mbegu moja

Mbegu bora ikienea, mbegu za zamani hutupwa. Kila mkulima hufanya hivyo kwa akili njema, lakini wote wakifanya hivyo pamoja, nchi nzima husimama juu ya mguu mmoja. Mwaka wa 1845 Waailandi walikuwa wakitegemea viazi vya aina chache mno, vilivyofanana kwa asili. Ugonjwa mmoja ulipoingia, viazi vilioza nchi nzima. Katika miaka iliyofuata watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi.

Ndiyo sababu yamejengwa maghala ya mbegu. ICRISAT, iliyoanzishwa mwaka wa 1972 karibu na Hyderabad, imehifadhi zaidi ya sampuli 13,000 za mbaazi. Kituo cha IITA cha Ibadan, Nigeria, kilichoanzishwa mwaka wa 1967, kina kunde za kiasi cha sampuli 15,000. Miongoni mwa kunde hizo ilipatikana moja, TVu 2027, ambayo fukusi hustawi kwa shida ndani ya punje zake, nayo imetumiwa kuwa mzazi wa mbegu nyingine. Kenya ina ghala yake ya taifa huko Muguga, karibu na Nairobi.

Maghala hayo yana kazi kubwa, lakini mbegu iliyo ghalani hulala. Iliyo shambani huendelea kuonja ukame, joto na magonjwa ya kila mwaka, na kuyazoea. Kwa hiyo ghala na shamba husaidiana, wala moja haliwezi kushika nafasi ya jingine.

Yampasayo mkulima

1. Mbegu ichaguliwe shambani, mmea ukiwa bado umesimama. Punje zikishachanganyika guniani, haijulikani tena ipi imetoka katika mmea upi.

2. Shamba ligawanywe katika viwanja vidogo vilivyo sawa, na katika kila kiwanja ichaguliwe mimea bora kuliko jirani zake. Iachwe ile ya ukingoni na ile iliyo karibu na jaa, kwa kuwa unono wake ni wa mahali. Mimea iliyochaguliwa ifungwe kitambaa.

3. Mbegu itolewe katika mimea mingi, makumi kwa makumi. Anayechukua mbegu ya mmea mmoja tu amejifungia mlango mwenyewe.

4. Nyuki huchanganya mibaazi. Mwenye kutaka kuitunza aina safi atenge shamba la mbegu kiasi cha mita 200 kutoka kwa mibaazi mingine. Kunde na maharagwe hazina shida kubwa ya namna hiyo.

5. Mbegu mpya inunuliwe kwa mwuzaji anayeaminika, yenye kibandiko cha ukaguzi, na mnunuzi aulize kama inafaa Pwani. Ijaribiwe kwanza katika pembe ya shamba, kando ya mbegu ya zamani, msimu mmoja au miwili.

6. Mbegu ya zamani isitupwe. Ikaushwe sana na iwekwe katika chombo kisichopitisha hewa, fukusi wasiingie, na kila mwaka ipandwe japo mistari michache.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya kusoma

Kwa nini maharagwe mazito ya ukoo mmoja hayakuzaa watoto wazito kuliko maharagwe mepesi ya ukoo huo huo? Mkulima ameona mbaazi mmoja ulionawiri kupita yote, nao umeota kando ya zizi. Je, autoe mbegu? Mbegu iliyosifiwa Kabete ikikosa maua Kwale, kosa ni la nani? Na katika nyumba za wanakikundi, ni aina ngapi za kunde, pojo na mbaazi ambazo wazee walizijua kwa majina, na ambazo leo hakuna azipandaye? Ikiwa bado ziko punje za aina hizo mahali popote, zifaa zitafutwe na kupandwa kabla ya mvua za masika kwisha.